Kitambaa Kwanza, Picha Baadaye

Fulana ya pamba na jezi ya poliesta hazichapwi kwa njia moja, hata kama picha ni ileile. Wateja wengi huja na picha kwenye simu na kuulizia bei papo hapo, lakini fundi anayejua kazi hushika nguo kwanza. Akishajua ni kitambaa gani, anauliza: ziko ngapi?

Tuanze na jezi. Hapa njia inayofaa ni sablimesheni. Picha huchapwa kwenye karatasi maalumu, karatasi hulazwa juu ya kitambaa, na mashine hubana kwa joto la nyuzijoto kama 200 za Selsiasi kwa dakika moja hivi. Katika joto hilo wino hauyeyuki, bali hugeuka mvuke moja kwa moja na kuingia ndani ya uzi wa poliesta. Uzi ukipoa, rangi imenaswa humo. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya namba ya mgongoni huhisi kitu, wala namba hiyo haibanduki. Pamba haina uwezo wa kuushika wino huu, na ukifua mara chache picha inapauka. Halafu wino wenyewe hauna rangi nyeupe, kwa hiyo juu ya kitambaa cheusi hauonekani. Timu inayotaka jezi ya rangi nzito huchapiwa kitambaa cheupe chote, ndipo kinakatwa na kushonwa.

Kwa fulana za pamba zikiwa nyingi, kama za kampeni au mbio za hisani, sijaona cha kuipiku skrini. Fremu huwambwa kitambaa chenye matundu madogo sana, kisha hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Mchoro mweusi huwekwa juu yake na taa huwashwa. Palipopigwa na mwanga dawa inakuwa ngumu. Palipozibwa na mchoro inabaki laini, na maji yanaiondoa. Wino husukumwa kwa raba upite kwenye matundu hayo. Kila rangi inadai skrini yake, na maandalizi yote hayo ni yaleyale uwe na fulana 5 au 500. Ndipo mteja wa fulana 5 anapoona kama anaibiwa, kumbe analipia skrini nzima peke yake.

Wino wa plastisoli unaotumika sana hapo haukauki kwa kuanikwa. Unahitaji joto la nyuzijoto kama 160, tena lifike mpaka chini. Fundi akiharakisha, juu pataonekana pamekauka, ilhali chini bado ni pabichi. Kabla ya kupokea mzigo, chukua fulana moja, uvute mchapo kwa mikono miwili. Ukipasuka, rudisha zote zikapigwe joto upya.

Kwa fulana mbili tatu zenye picha ya rangi nyingi, siku hizi mafundi wengi hukimbilia filamu: picha huchapwa kwenye plastiki, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hubandikwa kwa joto. Inashika pamba na poliesta, nyeusi na nyeupe. Kwa nembo ya kifuani ninaipenda. Kwa picha inayofunika kifua kizima siishauri kabisa, maana hapo umemvalisha mtu plastiki, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa jasho halina pa kutokea.

Jezi nyekundu za poliesta zinahitaji tahadhari ya pekee. Joto lile linalogeuza wino wa sablimesheni kuwa mvuke hufanya hivyohivyo kwa rangi iliyotiwa kiwandani. Nyekundu hupanda taratibu kwenye maandishi meupe, nayo yakawa ya waridi, pengine siku kadhaa baada ya kuchapwa. Kuna wino na filamu za kuzuia hali hiyo, na kupunguza joto pia kunasaidia. Agiza jezi moja ya majaribio, uiweke siku kadhaa, uyatazame maandishi juani, ndipo uruhusu zilizobaki zichapwe.