Sifuri Inayohama

Mteja wa Kitengela akiona mizani ya bucha inasoma gramu 15 nyama haijawekwa, hukumu huwa moja: huyu ni mwizi. Huenda mshukiwa halisi ni mabati ya paa yaliyopigwa na jua tangu asubuhi.

Ndani ya mizani ya kielektroniki mna kipande cha aluminiamu kilichobandikwa vihisi vinne vyembamba kama karatasi, vikaunganishwa kuwa daraja la Wheatstone, saketi ya kulinganisha ukinzani. (Jina si la haki: Samuel Hunter Christie ndiye aliyelibuni, 1833.) Nyama ikitua, kipande kinapinda kidogo mno, vihisi viwili vinavutika, viwili vinabanwa, na ukinzani wake unabadilika. Mizani ya kilo 40 ikilishwa volti 5, mzigo kamili huzaa milivolti 10 hivi. Kwa hiyo gramu 10 ni maikrovolti 2.5 tu! Na pale shaba inapokutana na lehemu, kiungo kimoja kikizidi kingine joto kwa nyuzi 1, huzuka maikrovolti moja hadi tatu bila nyama yoyote.

Dawa yake ni ya kijanja. Saketi hulisha daraja umeme, ikasoma. Kisha hugeuza chanya na hasi, ikasoma tena. Tuseme kilo 2 zatoa maikrovolti 500, na joto limechomeka 5 za uongo. Usomaji wa kwanza ni 505, wa pili hasi 495, kwa sababu uzito hugeuka na umeme ilhali uongo wa joto haugeuki. Toa wa pili kwenye wa kwanza, gawa kwa mbili: 500 kamili.

Mizani nyingi za bei nafuu hazina ujanja huu. Hutegemea kitufe cha sifuri. Nacho kina mpaka: huondoa uongo wa sahani tupu tu, si kosa linalokua pamoja na uzito. Mizani inayozidisha gramu 20 kwa kila kilo itazidisha vilevile hata ikianzia sifuri safi, mpaka fundi airekebishe kwa jiwe la uzito unaojulikana. Kuitupa jalalani kwa ugonjwa huo ni ufujaji.

Vihisi hivyohivyo hupima malori barabarani, watoto kliniki, maziwa, saruji. Lakini ng'ombe wa Bissil, huko Kajiado, bado wengi huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho.

Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka. Kabla ya nyama kupimwa, mwombe mwenye bucha abonyeze sifuri sahani ikiwa tupu, kisha utafute muhuri wa mwaka huu.