Hulipwi Hata Ashu, Mbona Unapiga Picha? Wasee wa Shika Adabu Wanajua

Ikifika saa kumi na moja jioni, jua likipoa, hapa Shika Adabu hukosi msee na simu yake akipiga picha za mtaa. Halipwi hata ashu. Sasa ni ya nini?

Cheki hii. Miaka ya 1990, pale feri ya Likoni kulikuwa na studio ndogo ndogo. Ulisimama mbele ya pazia lililochorwa meli ama ndege, ukatoka kwa picha kama umesafiri. Ile ilikuwa ndoto.

Anayepiga kwa kupenda tu hushika kile kiko: nyanyake akikaanga mahamri, mbogi ikicheza boli, nyumba kabla haijabomolewa. Leo zinakaa picha za kawaida. Ngoja matanga, vile familia nzima hutafuta picha moja tu iliyo safi ya marehemu. Hapo ndipo anaitwa.

Lakini simu ikiibwa, zote zimeenda. WhatsApp nayo hupunguza ubora wa picha, kwa hivyo zile za maana zitume kama faili na uweke nakala mtandaoni. Halafu toa moja kwa karatasi, umpe nyanyako akiwa bado yuko.