Maneno ya Kupigwa kwa Mke: Msamiati wa Sheria na wa Nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini

Nyololo ni kijiji cha wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, mahali inapochepukia njia iendayo Mtwango. Katika nchi hiyo Kihehe na Kibena ni lugha za nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Kwa hiyo mwanamke aliyepigwa na mumewe, akitaka kulalamika, hana budi kuyaeleza maumivu yake kwa Kiswahili: kwa viongozi wa kijiji, kwa polisi atoaye fomu ya PF3 ya kwenda nayo kwa mganga, na kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Makala hii yaeleza maneno machache ayakutayo katika safari hiyo, na jinsi maana zake ziwezavyo kumsaidia au kumwangusha.

Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971, yasema katika kifungu cha 66 kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumtia mwenzi wake wa ndoa adhabu ya mwili. Kifungu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, na istilahi iliyotumika humo ni ile ya shule na magereza. Mfasiri akiigeuza kuwa "adhabu ya viboko", ameifanya finyu mno, kwa maana kofi si kiboko, wala teke si kiboko. Tena neno "adhabu" lenyewe lachukulia kwamba pana kosa lililotendwa, na kwamba yupo mkubwa apasaye kuliadhibu. Zaidi ya hayo, kifungu hicho chaondoa haki ya kupiga bila kutaja malipo ya apigaye. Mashtaka hufunguliwa chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa kosa la shambulio. Basi tendo moja lina jina moja katika sheria ya ndoa, na jina jingine katika sheria ya jinai.

Nyumbani tendo hilo lina majina mengine tena. Kitenzi -rudi kisipokuwa na mtendwa maana yake ni kuja tena. Kikiwa na mtendwa, maana yake ni kuonya na kutia adabu, kama mzazi amrudivyo mwanawe. Kitenzi -adibu, kitokanacho na asili moja na neno adabu, chafuata njia hiyo hiyo. Katika vitenzi hivi viwili mtenda ni mkubwa, mtendwa ni mdogo, na tendo huhesabiwa kuwa la kheri. Asemaye kwamba fulani "amemrudi mkewe" amekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa, kwani amemweka mke mahali pa mtoto. Asemaye "amempiga mkewe" ametaja tendo tu, na swali la haki amewaachia wasikilizaji.

Upande wa pili liko neno "ukatili", ambalo limekuwa istilahi rasmi. Ndilo lililomo katika jina la Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Asili yake ni Kiarabu, ambamo neno lililozaa "katili" lamaanisha muuaji. Uzito huo haujatoka kabisa katika Kiswahili: katili ni mtu asiye na huruma hata kidogo. Mwanamke aliyepigwa kofi aweza kuulizwa kama ametendewa ukatili, akajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa mumewe si katili kwake siku zote.

Jambo hili lina matokeo katika hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika uchunguzi wa nchi mbalimbali ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2005, liliwahoji wanawake wa Dar es Salaam na wa mkoa wa Mbeya. Badala ya kutumia jina moja la jumla, maswali yalitaja matendo moja moja: kupigwa kofi, kusukumwa, kupigwa teke, kukabwa, kulazimishwa tendo la ndoa. Kati ya wanawake waliopata kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema wamepata kutendewa na mwenzi wao moja au zaidi ya matendo hayo. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015-16 nao ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake waliona kuna angalau sababu moja impayo mume haki ya kumpiga mkewe. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Tarakimu hizo zaeleza kwa nini -rudi bado lina nguvu, na lina nguvu vinywani mwa wanawake pia.

Neno la tatu ni "kazi". Kifungu cha 114 cha sheria hiyo chataka mali igawanywe wakati wa talaka kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Lakini katika usemi wa kila siku mke apikaye, alimaye na aleaye husemwa kwamba "hafanyi kazi, yupo nyumbani tu". Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shughuli za nyumbani ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Uamuzi huo ulilipanua neno kisheria. Mazungumzo ya nyumbani hayajalipanua kadiri hiyo.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kitumike pale tu haki inapokihitaji. Kazi ya tafsiri kwa hiyo imekuwa jambo la usalama wa watu. Kifungu cha 66 chaweza kuandikwa hivi: hapana mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake, wala kumdhuru mwili kwa namna yoyote. Sehemu ya kwanza yakataa -rudi na -adibu kwa kutaja tendo lenyewe. Sehemu ya pili yaingiza kukaba na kuchoma, ambavyo -piga haivifikii. Mwanamke wa Nyololo akisomewa maneno hayo atayatambua, bila kuhitaji kwanza kumwita mumewe katili.