Somo la Redio: Kumtafuta Koala kwa Kutazama Chini

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: KOALA na MKARATUSI.

Mkaratusi mwaujua, wengi wenu mmeupanda kwa ajili ya kuni na nguzo. Asili yake ni Australia, na huko ndiko akaako koala. Ni mnyama wa rangi ya kijivu, mwenye masikio ya manyoya, naye hulea mtoto wake katika mfuko wa tumboni kama kangaruu. Chakula chake ni majani ya mkaratusi, lakini si ya kila mkaratusi; huchagua aina chache tu.

Mwaka 2022 serikali ya Australia iliwatia koala wa Queensland, New South Wales na jimbo la mji mkuu katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Misitu yao hukatwa ili kupata mashamba, nyumba na barabara, na moto nao huila. Kwa hiyo mara nyingi, kabla ya kukata miti, huulizwa: Je, humu mna koala? Jibu likiwa "hamna", nalo si kweli, shoka litaingia na mnyama yumo.

Mtu angedhani kazi hii ni rahisi: tazama juu, hesabu. Sivyo. Koala hulala kimya saa 18 au zaidi kwa siku, juu katika panda ya mti. Hata mtu mzoefu hupita chini yake asimwone. Basi wapimaji hutazama chini, wakitafuta mavi yake. Msicheke, hiyo ndiyo kazi yenyewe! Ni vidonge vigumu, virefu kidogo kuliko vya mbuzi, na ukivivunja vyatoa harufu ya mkaratusi.

Njia moja itumikayo sana ni hii. Mpimaji huchagua mti wa katikati, na miti 29 iliyo karibu nao; jumla miti 30. Chini ya kila mti hupekua majani makavu, mita moja kuzunguka shina, kwa muda wa dakika mbili. Akiona kidonge kimoja tu, huuandika mti ule na kwenda kwenye mwingine. Miti 6 ikiwa na mavi, hiyo ni 20 katika kila 100. Hesabu ikiwa kubwa, koala wanakaa hapo. Ikiwa ndogo, huenda wanapita tu.

Shida ni mvua na wadudu, maana huyamaliza mavi upesi. Mpimaji mwaminifu akikosa kitu baada ya mvua, haandiki "hamna". Huandika "sikuona", akataja na mvua yenyewe, kisha hurudi siku nyingine. Wengine hutumia mbwa waliofundishwa kunusa mavi hayo, au ndege ndogo zisizo na rubani, zenye kamera ya kuona joto la mwili. Hizo hurushwa usiku, miti ikiwa imepoa. Tena dume huunguruma kwa sauti nzito kupita umbo lake, na vyombo vya kunasa sauti huachwa msituni kumsikiliza.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja achague mti mmoja karibu na nyumba yake, atazame chini yake kwa dakika mbili, kisha aandike sentensi tatu juu ya alichokiona.