Shamba dogo, warithi wengi: Maisha ya mkulima wa Java

Na Mwandishi Wetu

Indonesia inapotajwa misikitini na katika mihadhara yetu, hutajwa kwa wingi wa Waislamu wake na kwa misafara mirefu ya mahujaji wake wanaoonekana Makka kila mwaka. Ni nadra kuulizwa watu hao wanaishije nyumbani kwao. Katika kisiwa kimoja tu cha nchi hiyo, kisiwa cha Java, sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 151. Hao ni zaidi ya nusu ya Waindonesia wote, nao wamekusanyika katika eneo la kilometa za mraba 130,000 hivi. Ndani ya eneo hilo mna miji mikubwa, viwanda, misitu na volkeno zinazotoa moshi. Mashamba hupata kinachobaki.

Kijiji cha Java cha nchi tambarare hukitambui kwa nyumba bali kwa miti. Ukiwa mbali huona kama kisiwa cha kijani kibichi katikati ya majaruba ya mpunga: minazi, migomba, mifenesi, mipapai na mianzi. Ukikaribia ndipo unaona mapaa ya vigae chini ya miti hiyo. Kila nyumba ina kiwanja chake, nacho hakiachwi kitupu. Muhogo hupandwa pembeni, pilipili na mboga karibu na jiko, kuku hutembea chini, na mbuzi hufungiwa bandani wakaletewa majani, kwa kuwa hakuna mahali pa kuwachunga. Mwanamke wa nyumba ndiye aghalabu mtawala wa kiwanja hicho, na katika miezi ya kabla ya mavuno ndicho kinachoilisha familia.

Karibu na nyumba kuna msikiti mdogo wa mtaa, ambao wao huuita langgar, wenye ngoma kubwa iliyopigwa tangu zamani kuwaita watu kabla ya adhana. Jioni watoto husomeshwa hapo Qur'ani na fiqhi ya mwanzo. Msomaji wa pwani yetu angeketi nao bila ya kujiona mgeni, kwani madhehebu yao ni ya Imam Shafii, na kitabu chao cha mwanzo ni Safinatun-Najaa kama chuoni kwetu. Mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumair, alikuwa Mhadhrami aliyehamia Java na kufariki Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Sharhe yake mashuhuri iliandikwa na Sheikh Nawawi wa Banten, mtoto wa Java aliyesomesha Makka hadi alipofariki mwaka 1897.

Tuje sasa kwenye shamba, maana hapo ndipo penye tatizo.

Sensa ya kilimo ya mwaka 2013 ilionesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za wakulima wa Indonesia zilikuwa na ardhi isiyofika nusu hekta, na wengi wa hao wako Java. Wenyewe humwita mkulima wa namna hiyo "petani gurem". Gurem ni utitiri, yule mdudu mdogo wa kuku asiyeonekana vizuri kwa macho. Ni jina lenye kejeli, lakini limekwisha kuzoeleka hata katika maandishi ya serikali.

Hebu tupige hesabu ya mwenye robo hekta. Ardhi ya Java ni ya majivu ya volkeno, yenye rutuba kubwa, na palipo na mifereji mizuri hekta moja hutoa kiasi cha tani tano na nusu za mpunga kwa msimu. Robo hekta basi itampa kama kilo 1,400 za mpunga, ambazo zikikobolewa huwa kilo mia tisa hivi za mchele. Mjava hula wali asubuhi, mchana na jioni, na familia ya watu watano yaweza kumaliza kilo mia nne hadi mia tano kwa mwaka. Kwa misimu miwili, na mara nyingine mitatu, ungesema mtu huyu yuko salama. Lakini kuna trekta dogo la kukodi, mbolea, dawa, ujira wa wapandikizaji na wavunaji, ada za skuli na pikipiki ya mkopo. Na kama shamba si lake bali analima kwa kugawana, desturi iliyoenea ni nusu kwa nusu na mwenye ardhi, na pengine hupata theluthi tu. Huyo mwenye robo hekta, ajabu ni kwamba bado ni mtu wa kuonewa wivu, kwa kuwa majirani zake wengi hawana jaruba hata moja.

Hapo ndipo linapokuja suala la zaka. Kiwango cha nisabu kilichowekwa na Wizara ya Dini ya Indonesia ni kilo 653 za mpunga usiokobolewa. Mwenye robo hekta amekipita kiwango hicho mara mbili. Shamba lake likiwa la kumwagiliwa kwa gharama, hutoa nusu ya ushuri, yaani asilimia tano: kilo sabini katika zile 1,400. Kama gharama za kulimia ziondolewe kwanza au zisiondolewe ni jambo ambalo wanazuoni wamekhitilafiana. Basi mtu ambaye wataalamu wa uchumi wanamhesabu miongoni mwa maskini yumo miongoni mwa watoaji. Nchi hiyo ina mamlaka ya taifa ya zaka, iliyoanzishwa mwaka 2001, lakini wanakijiji wengi bado hupeleka fungu lao kwa kyai, yaani mwanachuoni wao, au kwa jirani wanayemjua hali yake.

Zamani kulikuwa na njia nyingine ya kumfikishia asiye na shamba riziki yake, nayo ilikuwa ni mavuno yenyewe. Mpunga wa Java ulivunwa na wanawake kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani, kinachofichika kiganjani, wakikata suke moja moja. Masimulizi ya kale, yaliyotangulia Uislamu kisiwani humo, yalidai kwamba mpunga una bibi yake mwenye kutishwa na panga. Hayo tuyaache. Kilicho muhimu ni kwamba kazi ya kisu hicho ilihitaji mikono mingi, na mwenye shamba aliona aibu kumfukuza mwanamke yeyote aliyekuja kuvuna. Kila mmoja alilipwa fungu la alichovuna, liitwalo bawon, na ndugu na jirani wa karibu walipata fungu nono kuliko mgeni. Baada ya hapo mpunga ulitwangwa kinuni, na hiyo nayo ilikuwa kazi ya mikono ya wanawake walewale.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 zililetwa mbegu mpya fupi zenye kukomaa upesi, pamoja na mbolea na dawa za serikali. Mavuno yaliongezeka kwa kiasi ambacho hakikutarajiwa, na mwaka 1984 Indonesia ikatangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele. Haikuwa neema tupu. Dawa zilipozidi ziliwaua wadudu wenye manufaa, na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga akafurika mashambani, hata Rais akatoa amri mwaka 1986 ya kupiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga.

Pigo la wanawake lilikuwa jingine, nalo halikutangazwa. Mpunga mfupi ulivunwa kwa mundu, na mundu ni kazi ya watu wachache, wengi wao wanaume. Wenye mashamba walianza kumuuzia mlanguzi mpunga ukiwa bado umesimama, naye akaja na watu wake kutoka mbali, asiye na haya ya kumwambia jirani aondoke. Mashine za kukobolea zikaingia vijijini, na vinu vikanyamaza. Katika miaka michache wanawake wengi mno wasio na ardhi walikosa mahali walipokuwa wakipata mchele wao wa mwaka. Kwa maoni yangu, anayeyasifu mapinduzi yale ya mpunga kwa tani peke yake amesoma nusu ya daftari.

Ushirika wenyewe haukufa. Nyumba ikijengwa, mfereji ukiziba au maiti akipatikana, watu hutoka wote bila ya ujira, na desturi hiyo huiita gotong royong. Watu wa Tanga na Kilimanjaro wangeiita msaragambo. Kukiwa na jambo la heri au la msiba, majirani hualikwa dua, wakasomewa, kisha kila mmoja akarudi nyumbani na kifurushi cha wali kiitwacho berkat, neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Wapo wanaolaumu gharama za karamu hizo, na wapo wanazuoni wenye maneno juu yake. Mjane asiye na mpunga hupeleka kile kifurushi kwa wajukuu wake.

Linalozitikisa nyumba zaidi ya yote ni mirathi. Chukua mzee wa robo hekta, mkewe ametangulia mbele ya haki, naye ameacha wana wawili na mabinti wawili. Kwa mgawo wa Suratun-Nisaa, kila mwana atapata mita za mraba 833 na kila binti 416. Jaruba la mita 416 hutoa kama kilo 230 za mpunga kwa msimu, na matuta ya kugawia mipaka nayo yanakula ardhi. Wajava wana msemo kuhusu mgawo huo: mwanamume hubeba mzega, wenye vikapu viwili, na mwanamke hubeba kikapu kimoja mgongoni. Lakini wapo pia waliozoea kugawa sawasawa kwa wana na mabinti, wakisema ni kulipasua tikiti maji katikati. Wazazi wengi hukwepa mvutano kwa kutoa hiba wangali hai, na nyumba aghalabu huachiwa mtoto anayebaki kuwatunza, mara nyingi kitinda mimba.

Sheria imepita njia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1937 Waholanzi waliziondolea mahakama za dini za Java mamlaka ya mirathi wakayapeleka katika mahakama za kawaida, na yalirudishwa mwaka 1989. Mwaka 1991 ukatolewa mkusanyiko wa hukumu za Kiislamu ambao makadhi wote wa nchi hiyo huutumia. Mambo mawili ndani yake yanastahili kutazamwa na familia zetu. Kwanza, mali iliyochumwa na mume na mke ndani ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu kabla ya mirathi kuanza, hivyo mjane huchukua nusu yake kwanza. Pili, warithi wanaruhusiwa kusuluhishana kwa mgawo mwingine, kwa sharti kwamba kila mmoja amekwisha kuijua haki yake. Sharti hilo ndilo lenye uzito. Dada anayemwachia kaka yake jaruba huku akijua kwamba ni lake si sawa na dada asiyeambiwa kitu.

Mara nyingi wanayoafikiana ni haya: mmoja analima, wengine wanapewa fungu au wanauza sehemu zao kwake. Ili kununua sehemu hizo huhitajiwa fedha ambazo shamba halitoi. Hapo mtu huondoka.

Wanaume huenda Jakarta na Surabaya kujenga majumba. Wanawake wengi zaidi huenda nje: Malaysia, Hong Kong, Taiwan, na kwa miaka mingi Saudi Arabia na nchi za Ghuba, kuwa watumishi wa majumbani. Hii ndiyo njia wanayoipita mabinti wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania pia, na malalamiko ni yaleyale: pasipoti kushikiliwa na mwajiri, mshahara kucheleweshwa, na wengine kupigwa. Mwaka 2015 serikali ya Indonesia ilikataza kupelekwa watumishi wapya wa majumbani Mashariki ya Kati, lakini mawakala wa mlango wa nyuma hawakukosekana. Kijijini, fedha za wanawake hao huonekana kwa macho: sakafu ya marumaru, paa jipya, pengine jaruba lililokombolewa. Watoto hulelewa na bibi, na baba akiwa amebaki hujifunza kupika. Wako watoto waliomjua mama yao kwa sauti ya simu miaka saba kabla ya kumjua uso kwa uso.

Wote hao hurudi mara moja kwa mwaka, kwa Idd-ul-Fitri. Barabara za Java hufurika magari na pikipiki kwa siku kadhaa, ikiwemo ile barabara kuu ya kulipia kutoka Jakarta hadi Surabaya iliyokamilika Desemba 2018, ambayo yenyewe imepita juu ya mashamba ya mpunga. Fitra hutolewa kwa mchele, kilo mbili na nusu kwa kila kichwa. Baada ya sala, watoto waliokwisha kuota mvi hupiga magoti mbele ya wazazi wao kuomba radhi, kisha makaburi huzuruliwa, ndugu wakatembeleana.

Ikifika siku ya tatu au ya nne, wageni wakipungua, huanza mazungumzo ya jaruba: nani atalima msimu ujao, nani anataka kuuza, na kama kuna mtoto hata mmoja atakayerudi moja kwa moja. Baba huorodhesha bei ya mbolea na mama huuliza habari za wajukuu. Wengi wa wanaolima sasa wamepita umri wa miaka arubaini na mitano, na vijana waliopo nyumbani siku hiyo wana tikiti za basi mfukoni. Kabla wiki haijakwisha kituo cha mabasi kimejaa tena, na wazee wawili wanaloweka mbegu za kitalu.