"Kiini" na "Nyuklia": Suala la Istilahi katika Utafiti wa Ioni Nzito

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua utafiti wa ioni nzito unavyoendeshwa Darmstadt, Ujerumani, na kujadili istilahi ya Kiswahili inayoufaa. Kituo cha GSI kilianzishwa huko mwaka 1969 kwa fedha za serikali kuu na za Jimbo la Hesse, ili vyuo vikuu vipate mitambo ambayo kimoja kimoja visingeimudu.

2.0 Ioni Nzito

Atomu ina kiini chenye protoni na nyutroni, kikizungukwa na elektroni. Ikipokonywa elektroni huwa ioni, yaani hubeba chaji ya umeme, na kwa chaji hiyo mtambo huweza kuiongezea kasi. Kwa kawaida huitwa nzito iwapo elementi yake ni nzito kuliko heli. Mwaka 1994 ioni za nikeli, yenye protoni 28, zilivurumishwa kwenye utando mwembamba wa risasi, yenye protoni 82. Viini vichache mno viliungana, ikapatikana elementi ya 110, iliyopewa jina la darmstadti mwaka 2003.

3.0 Tatizo la Istilahi

Taaluma hii huweza kuitwa fizikia ya kiini au fizikia ya nyuklia. Dhana ni moja, lakini athari kwa msikilizaji ni mbili. Nyuklia, neno la mkopo, limezoeleka kuandamana na silaha na vinu vya umeme. Kiini, kama katika kiini cha yai, huonyesha tu kilichomo ndani kabisa. Kasoro yake ni kwamba biolojia nayo hulitumia kwa seli.

Suala hili si la nadharia tu. Kati ya 1997 na 2008, wagonjwa wa saratani zaidi ya 400 walitibiwa Darmstadt kwa ioni za kaboni, ambazo huachia sehemu kubwa ya nishati yake mwishoni mwa safari, ndani ya uvimbe, bila kudhuru sana tishu zilizotangulia. Mgonjwa aambiwaye kwamba tiba yake ni "ya nyuklia" aweza kuikataa kwa kuogopa jina.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kiini cha atomu, kwa ukamilifu wake, litumike katika utafiti na tiba, na nyuklia libaki kwa silaha na vinu. Hata hivyo, mgawanyo huo usifiche kwamba fizikia ni ileile. Kwa hiyo katika kamusi kila kidahizo kimwelekeze msomaji kwenye kingine.