Raptors: Timu Iliyomuuza Mtoto wa Nyumbani Ndio Ibebe Taji

Kama unacheki kikapu cha NBA, hii stori ya Toronto Raptors lazima uijue. Ni stori ya taji, lakini pia ya msee mwaminifu aliyetolewa mlangoni kabla sherehe ianze.

Raptors ilianza kucheza 1995, sawa na Vancouver Grizzlies. Grizzlies wakahamia Memphis 2001, Toronto ikabaki timu pekee ya ligi iliyo nje ya Marekani. Shida ikawa mastaa hawakai. Vince Carter alifika 1998, akashinda shindano la kudanki 2000, Kanada yote ikachizi. Desemba 2004 akaenda New Jersey Nets. Chris Bosh naye akasepa Miami 2010.

Aliyebaki ni DeMar DeRozan, chali wa Compton aliyeingia 2009. Mkataba wake ulipoisha 2016 hakupiga stori na timu ingine yoyote. Akasaini tena. Yeye na Kyle Lowry waliinua Raptors vibaya sana, ila kila wakikutana na LeBron James mambo inaharibika. Cleveland Cavaliers waliwatoa 2016, 2017 na 2018, hizo mbili za mwisho wakichapwa 4-0. Watu wakaita mji LeBronto. Hiyo aibu!

Mdosi wa timu alikuwa Masai Ujiri, baba Mnigeria, mama Mkenya. Huyo ni wetu nusu. Alimfuta kocha Dwane Casey, na msimu huo huo Casey ndiye alitajwa kocha bora wa ligi. Julai 2018 akamtuma DeRozan San Antonio Spurs, akachukua Kawhi Leonard, fundi aliyekuwa amecheza mechi 9 pekee msimu mzima juu ya jeraha, na mkataba umebaki mwaka mmoja. DeRozan alilia kwamba aliambiwa kitu kimoja, akafanyiwa kingine.

Mei 2019, mechi ya 7 na Philadelphia 76ers, Kawhi akarusha ball sekunde ya mwisho. Ikadunda mara nne kwa ringi, ikaingia. 92-90! Juni 13 wakamaliza Golden State Warriors 4-2. Ukweli usemwe, Kevin Durant na Klay Thompson waliumia kwa hizo fainali, lakini taji ni taji. Ilikuwa mara ya kwanza litoke Marekani.

Wiki chache baadaye Kawhi akahamia Los Angeles Clippers. Alikaa msimu mmoja, DeRozan alikaa tisa. Lakini fikiria hivi: kama DeRozan angehepa kama wengine, Masai angebadilishana Kawhi na nini? Uaminifu wake ndio ulinunua hilo taji, hata kama pete hakuvaa.

Sasa tuambie, wewe ungekuwa Masai, ungemuuza?